Mzigo wa Wacheza Ngoma katika Njia ya Kigali

Watazamaji waketio mbele ya jukwaa huwaona wacheza ngoma kwa nusu saa tu, pengine pungufu ya hapo. Husikia njuga zikilia, huona manyoya yakipepea na viuno vikizunguka, kisha hupiga makofi na kwenda zao. Mzigo uliozifikisha njuga hizo ukumbini hawauoni. Hata hivyo ni mzigo huo unaoamua kama ngoma itachezwa au haitachezwa. Shati lililosahauliwa nyumbani hununuliwa Kigali mchana huo huo. Lakini jozi moja ya ebinyege, yale manyanga ya miguuni ya Bunyoro na Tooro, ikipondwa chini ya sanduku la chuma, haipatikani katika duka lolote la Kigali, kwa maana fundi wake yuko Hoima.

Jambo hili lawahusu watu wengi kuliko idhaniwavyo. Zamani safari za namna hii zilikuwa za makundi machache, kama vile Heartbeat of Africa, kundi la taifa la Uganda lililosifika katika miaka ya 1960 na 1970, na baadaye Ndere Troupe, iliyoanzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984. Siku hizi vikundi vya akina mama wa kambini, vya vijana wa shule na vya askari wenyewe huitwa kwenda nchi za jirani. Tamasha la utamaduni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lijulikanalo kwa jina la JAMAFEST, lilianzia Kigali mwaka 2013, likaenda Nairobi mwaka 2015, Kampala mwaka 2017 na Dar es Salaam mwaka 2019. Majeshi ya nchi za Jumuiya nayo hukutana katika michezo inayoambatana na maonyesho ya utamaduni. Kila mkutano wa namna hiyo maana yake ni basi zima lililojaa ngoma, ngozi, shanga na watu.

Njia iliyo mfano mwema ni ile ya kutoka Kampala kwenda Kigali kwa kupitia Masaka, Mbarara, Kabale na Katuna. Ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Ndani yake mna joto na baridi, vumbi na mvua, sheria za nchi mbili, na barabara inayobadilika upande. Kikundi kiwezacho kufikisha mzigo mzima Kigali kitaweza kuufikisha popote.

MAFUNGU MATATU

Kabla ya kamba yoyote kufungwa, yafaa mzigo wote utandazwe chini na kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la vitu visivyonunulika mahali pa kwendea: ngoma, manyanga, njuga, vilemba vya manyoya, mikanda ya ngozi na nguo za magome ya miti. Fungu la pili ni la vitu vinunulikavyo kwa taabu, kama vile shanga za rangi maalumu, nyuzi za katani na vitambaa vya sare. Fungu la tatu ni la vitu vipatikanavyo kila duka: sabuni, mswaki, mafuta, sukari.

Watu wengi hufanya kinyume. Sabuni na sukari hushikwa mkononi, na manyanga hutupwa katika buti ya basi. Fungu la kwanza ndilo lipaswalo kukaa ndani ya basi, karibu na mwenyewe, nalo fungu la tatu liende chini. Askari yeyote alifahamu jambo hili tangu chuoni: kitu kitakiwacho kwanza hufungwa mwisho, ili kiwe juu. Basi mavazi ya ngoma itakayofungua onyesho yawe juu, na yale ya ngoma ya mwisho yawe chini.

Onyo moja lawahusu watu wa kambini peke yao. Mama ahitajiye begi kubwa la kutilia sketi za ngoma asichukue begi la kazi la mumewe lenye mabaka ya kijeshi, wala asifungie vilemba ndani ya koti lake la sare. Vifaa vya jeshi na vya polisi vikikutwa mpakani ndani ya mizigo ya raia huleta maswali ambayo hayaishi kwa maelezo ya njuga na nyimbo. Gunia la katani lililo safi lafaa zaidi. Askari mwenyewe, akiwa mmoja wa wachezaji, hana budi kuwa na ruhusa ya mkuu wake kwa maandishi, na sare yake isiingie katika mzigo huo isipokuwa kwa amri.

MPAMBIRE: NGOMA YENYEWE

Karibu na mji wa Mpigi, kando ya barabara ya Masaka, kipo kijiji cha Mpambire, ambako mafundi huchonga na kuwamba ngoma mbele ya macho ya wasafiri. Ngoma za kila kimo hupangwa kando ya lami, tangu zile za kuchezea watoto hata zile zimshindazo mtu mmoja kuinua. Kikundi kitokacho Kampala chaweza kusimama hapo ili fundi akaze kamba zilizolegea. Kusimama huko kwaweza kukiepusha na aibu mbele ya wageni.

Ngoma za Buganda za kuchezea baakisimba ni za namna mbili kwa habari ya kusafirishwa. Mbuutu, mpuunyi na namunjoloba huwambwa ngozi ya ng'ombe juu na chini, na ngozi hizo huunganishwa kwa kamba za ngozi ubavuni. Kamba hizo ndizo mkono wa kushikia na ndizo zilegeazo. Ngoma ya namna hii isimame wima, isilazwe ubavu, na kisipangwe kitu chochote juu ya uso wake. Ngalabi, ile ngoma ndefu, ina ngozi upande mmoja tu, iliyopigiliwa kwa vigingi vya mti. Yenyewe haiwezi kukazwa njiani. Uso wake ufungwe kitambaa kizito, na tumbo lake lililo wazi laweza kutiwa vitambaa vyepesi, ambavyo huulinda mti usipasuke na wakati huo huo huokoa nafasi.

Ngoma nyingi za Buganda hutiwa kitu kidogo ndani kabla ya kuwambwa, nacho hulia ngoma ikitikiswa. Kwa mjuzi huo ni moyo wa ngoma. Kwa afisa wa forodha asiyejua desturi hiyo, ni kitu kilichofichwa. Kiongozi wa kikundi aseme mapema, kabla ngoma haijatikiswa na kabla kisu hakijatolewa. Ngoma iliyopasuliwa kwa ukaguzi haichezwi jioni ile.

Amadinda, marimba ya Buganda, ina shida yake. Vipande vyake vya mti vyatoa sauti mbalimbali, na kimoja kikipotea wimbo mzima hukwama. Kila kipande kitiwe namba kwa chini, kisha vyote viviringishwe pamoja katika blanketi kwa taratibu ya namba hizo. Vigogo viwili vya mgomba ambavyo marimba hulazwa juu yake visibebwe kabisa. Uganda iligundua ugonjwa wa mnyauko wa migomba mwaka 2001, na ugonjwa huo huenezwa pia na sehemu za mgomba zihamishwazo toka shamba hadi shamba. Rwanda ina migomba tele. Wenyeji waombwe vigogo viwili siku ile ile ya onyesho.

MANYANGA, MANYOYA NA MAGOME

Ebinyege hutengenezwa kwa maganda makavu yaliyotiwa mbegu ndani. Hulia vizuri kwa sababu maganda yake ni membamba, na ndiyo sababu huvunjika upesi. Kila jozi ifungwe peke yake, izungushiwe sketi za ukindu za wachezaji wanawake, kisha itiwe ndani ya kikapu kigumu chenye kifuniko. Kwa njia hiyo sketi hulinda manyanga, na kikapu hulinda vyote viwili. Kikapu hicho kipakatwe. Kisiwekwe chini ya kiti, ambako miguu ya abiria haina simile.

Manyoya hayakunjwi. Kilemba cha manyoya marefu, kama kile cha Waacholi katika ngoma ya bwola, hufumuliwa kadiri kiwezavyo kufumuliwa, na manyoya yake hutiwa ndani ya mwanzi mpana au bomba la karatasi ngumu. Ngozi yenye nywele huviringishwa, nywele zikielekea nje, na kitambaa kikavu cha pamba hutandazwa kati. Isitiwe katika mfuko wa plastiki, kwani jasho la onyesho la jana likifungiwa humo hugeuka ukungu na harufu ambayo haitoki.

Nguo ya magome ya mutuba, inayoitwa lubugo, ni ya heshima kubwa. Ufundi wa kuitengeneza ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu wote. Heshima hiyo haiizuii kuharibika. Lubugo ikikunjwa mikunjo mikali hupasuka penye mkunjo, na ikilowa kisha ikakauka vibaya hukakamaa. Basi iviringishwe juu ya fimbo, kama ramani, na iwekwe mahali pasipofikiwa na maji.

Akiba haiozi. Mkoba mmoja mdogo uwe na sindano kubwa na ndogo, nyuzi nyeupe na nyeusi, uzi wa nailoni wa kutungia shanga, pini, mkasi, ukanda wa mpira, kamba ya ngozi na njuga tano au sita za ziada. Mkoba huo ukabidhiwe mtu mmoja kwa jina lake. Kitu kilichokabidhiwa watu wote hakina mlinzi.

NGOZI ZENYE SHERIA

Wapo wacheza ngoma waliorithi ngozi ya chui ya babu, au mkanda wa mbega wa kufunga kiunoni, nao huona si vibaya kusafiri navyo kwa kuwa ni mali ya ukoo. Sheria haitazami hivyo. Mkataba wa kimataifa uitwao CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kazi mwaka 1975, hutawala uvukishaji wa mipaka wa wanyama walio hatarini pamoja na ngozi, manyoya na pembe zao. Uganda na Rwanda zote zimo katika mkataba huo. Chui yumo katika orodha ya kwanza, iliyo kali kuliko zote. Mbega yumo katika orodha ya pili, pamoja na kenge, ambaye ngozi yake ndiyo iwambwayo juu ya ngalabi za asili. Nchini Uganda kwenyewe, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 humtaka mtu awe na kibali cha kuwa na vitu vya namna hiyo.

Kwa hiyo ngalabi moja, ambayo hakuna aliyeidhania, yaweza kukizuia kikundi kizima mpakani. Kiongozi aulize habari za vibali katika wizara inayohusika na wanyamapori wiki nyingi kabla ya safari, si siku ya kuondoka. Aliyekosa kibali aiache ngozi ya ukoo nyumbani. Ngozi ya mbuzi yenye nywele ndefu hucheza vizuri kiunoni, ngalabi yaweza kuwambwa ngozi ya mbuzi, na kitambaa kilichochapwa madoa ya chui hutosha machoni pa mtazamaji. Mali ya babu ikitaifishwa mpakani, hakuna makofi yatakayoirudisha.

KABALE: BARIDI NA MVUA

Ng'ambo ya Mbarara nchi huanza kuinuka, na mji wa Kabale umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Watu wa Kampala hufika huko jioni wakiwa wamevaa fulana, nao hutetemeka usiku kucha. Mchezaji aliyelala katika baridi huamka na misuli iliyokaza, na misuli iliyokaza hukatika katika ruko la kwanza. Sweta, soksi nzito na shuka moja ni sehemu ya vifaa vya ngoma sawasawa na njuga.

Ngoma nayo huugua. Ukungu wa milima huilegeza ngozi hata ikatoa sauti ya debe lililojaa nguo. Ngoma zisilale juu ya paa la basi hata kama turubai lipo. Ziingizwe chumbani, ziwekwe juu ya mbao, zisiguse sakafu ya saruji. Asubuhi ziwekwe juani kwa muda, zikigeuzwageuzwa. Anayeharakisha kwa kuzisogeza karibu mno na moto hukausha uso upande mmoja. Wahenga walisema kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Nayo iliyokaushwa vibaya hupasuka kabla ya kulia.

KATUNA: MPAKA

Kutoka Kabale hadi Katuna ni mwendo mfupi, lakini hapo ndipo safari hupimwa. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameruhusiwa kuvuka kwa vitambulisho vyao vya taifa. Watoto wasio na vitambulisho hawana budi kutafutiwa hati nyingine mapema, pamoja na idhini ya wazazi kwa maandishi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwekwe pamoja na kitambulisho, si chini ya sanduku.

Jambo liwashangazalo wengi ni plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, na sheria ya mwaka 2019 ikaongeza vitu vya plastiki vya kutumiwa mara moja. Kikundi kilichofunga kila vazi katika mfuko wake wa plastiki kitajikuta kikifungua mavazi hayo yote kando ya barabara, mbele ya foleni, na kuyarundika wazi. Mifuko ya kitambaa, iliyoshonwa nyumbani kwa mabaki ya shuka na kuandikwa jina la mwenyewe, huondoa aibu hiyo. Fundi cherehani wa kambini aweza kushona mifuko ishirini kwa siku moja.

Yafaa pia kiongozi awe na orodha ya mali yote katika nakala tatu, ikionyesha idadi na aina ya kila kitu, na kueleza kwamba vyote ni vya maonyesho, si vya kuuzwa, navyo vitarudi. Mikuki na ngao za kuchezea zitajwe katika orodha hiyo bila kufichwa. Barua ya mwaliko iambatanishwe. Afisa apewaye karatasi iliyo wazi humaliza kazi yake upesi kuliko yule aachiwaye kukisia.

Mpaka wenyewe una historia ya kukumbukwa. Ulifungwa mwishoni mwa Februari mwaka 2019 na haukufunguliwa tena hadi tarehe 31 Januari 2022. Kwa karibu miaka mitatu njia hii haikufaa kitu kwa wasafiri wa kawaida. Basi habari za mpaka ziulizwe wiki ile ile ya safari, hata kama mwaka uliopita njia ilikuwa nyeupe.

Baada ya kizuizi, magari huenda upande wa kulia. Basi la Uganda lina mlango wake upande wa kushoto. Likisimama kando ya barabara nchini Rwanda, mlango hufungukia katikati ya njia. Hapo ndipo mama aliyebeba kikapu cha manyanga hushuka akitazama kikapu, wala hatazami gari lijalo. Mzigo ushushwe ndani ya ua au kituoni tu, na mtu mmoja asimame kuangalia magari.

KIGALI

Kutoka mpakani hadi Kigali ni kama kilomita 80 za vilima na mabonde ya chai. Saa ya Rwanda iko nyuma ya saa ya Uganda kwa saa moja. Onyesho lililotangazwa kuanza saa kumi huanza saa kumi na moja kwa saa ya mtu ambaye hakubadili mishale; na siku ya kurudi, asiyekumbuka hilo hujikuta amechelewa nyumbani.

Mara tu wafikapo, kabla ya chai na kabla ya kutembelea mji, mzigo wote ufunguliwe. Vitu vihesabiwe kwa orodha, mavazi yatundikwe, manyanga yatikiswe moja moja ili lililopasuka lijulikane wakati ungaliko. Sakafu ya ukumbi itazamwe pia. Wengi hucheza miguu mitupu, na sakafu ya saruji huchubua nyayo zilizozoea udongo. Mafuta mazito, plasta na sapatu za kuvaa hadi ukingoni mwa jukwaa huokoa nyayo hizo.

Wageni hujifunza mengi kwa kuwatazama wenyeji wakifungua mizigo yao. Intore, wale wachezaji wa Rwanda wavaao kichwani singa ndefu nyeupe mfano wa manyoya ya simba, hawazitupi singa hizo begani wala kitini. Njuga zao, ziitwazo amayugi, hufungwa miguuni mwisho kabisa, zisilegee kabla ya wakati. Warundi nao wana namna yao ambayo hakuna kikundi kingine kiwezacho kuiiga kwa urahisi: ngoma zao nzito, zichongwazo kwa mti wa umuvugangoma, huzibeba kichwani huku wakizipiga, wakaingia uwanjani hivyo. Kwao mzigo na mchezo ni kitu kimoja.

KWA NDEGE NA KWA KURUDI

Kikundi kikialikwa mbali zaidi na kwenda kwa ndege, kanuni ni zile zile, ila uzito hutawala. Mashirika mengi huruhusu sanduku la kilo 23 katika daraja la kawaida, na mkoba wa mkononi wa kilo chache tu. Mikuki, visu na fimbo zenye ncha haziingii na abiria. Huenda chini pamoja na masanduku. Ngoma kubwa huhitaji kuandikiwa shirika mapema. Manyanga na vilemba vibaki mkononi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya ngoma hupotea zaidi wakati wa kurudi, kwa sababu watu wamechoka na nyoyo zao zimekwisha kufika nyumbani. Orodha iliyosomwa Katuna wakati wa kwenda isomwe tena ukumbini Kigali usiku wa mwisho, kila mtu akiitikia kwa kitu chake mkononi. Mavazi yenye jasho yasifungwe usiku huo. Yaanikwe hata kama ni kwa saa mbili. Na basi likisha kuingia kambini, kabla watoto hawajakimbia kuuliza zawadi, ngozi zitandazwe kivulini, njuga zilizokatika zishonewe, na vikapu virudishwe ghalani vikiwa vikavu, tayari kwa mwaliko mwingine.